Kijiji Tulichokikariri

Walimu wenzangu vijana,

Mliponiaga mwaka jana kwa chai na mandazi, mmoja wenu, nadhani ni yule wa darasa la tatu, aliniuliza kwa nini nililipenda somo la jamii kuliko hesabu, ilhali hesabu ndiyo inayompeleka mtoto mbele. Nilimjibu kwamba hesabu zilinishinda. Hilo ni kweli, lakini si jibu lote. Jibu lote ni refu, na sasa nina muda. Nimebaki na ng'ombe mmoja tu, na hana maswali mengi.

Sitawaandikia habari za vyeo, maana vichache nilivyopata vilinipunguzia kazi niliyoipenda. Nimefundisha Kagio, ambako watoto walijua bei ya nyanya kabla ya kujua kusoma neno nyanya. Nimefundisha Doldol, ambako nusu ya darasa iliondoka na mifugo kila kiangazi na kurudi imesahau kila kitu isipokuwa jina langu. Lakini kazi yenyewe nilifunzwa mahali pamoja, katika kijiji kimoja cha Nyeri wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikipigana na wapiganaji wa msituni. Walionifunza ni mwalimu mmoja mwanamke na watoto arobaini na wawili.

Nilifika mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na tano. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka chuo cha ualimu huko kwetu Maragoli, na sikuwa nimewahi kuona baridi ya namna ile. Walimu wengi wa Nyeri walikuwa wamekamatwa. Shule nyingi zilikuwa zimefungwa, na zile zilizobaki zilimtafuta mtu yeyote mwenye cheti ambaye kwao ni mbali. Kaka yangu mkubwa alikuwa konstebo wa polisi mjini Nyeri, na ndiye aliyenitafutia nafasi. Niliona nina bahati kuwa na ndugu karibu.

Nilishuka gari la moshi Karatina na kumalizia safari juu ya lori la mbao. Dereva alinishusha mbele ya lango la miti. Kulikuwa na handaki refu kuzunguka kijiji kizima, limejaa vijiti vya mianzi vilivyochongwa, na juu yake mnara wa ulinzi wenye askari wawili. Ndani, nyumba zilipangwa kwa safu zilizonyooka kama mahindi. Zilikuwa safu kumi na mbili, na nyasi za mapaa bado hazijashika weusi wa moshi. Watu walikuwa wametolewa kwenye vilima vyao miezi michache tu iliyopita, kila mtu na mzigo aliouweza, na nyuma yao nyumba zikachomwa. Nilijua hayo kwa kusikia. Lakini sikuwa nimefikiria maana yake kwa mtu ambaye kesho yake anatakiwa kufundisha watoto wadogo kuhusu nyumbani kwao.

Shule ilikuwa jengo moja la udongo lenye vyumba vitatu vilivyotengwa kwa kuta za matete. Mwalimu mkuu alikuwa Bwana Wahome, mtu mwangalifu aliyefuta miwani yake kila alipotaka kufikiri. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Mwalimu Tabitha, mama wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye sweta iliyobaki na kifungo kimoja. Mimi nilipewa darasa la pili. Ubao wangu ulikuwa mbao nne zilizopigiliwa pamoja. Kila Ijumaa tuliupaka makaa yaliyosagwa na maji ya majani ya viazi vitamu, na Jumatatu ulikuwa mweusi kama mpya. Ninyi mnaolalamika kwamba rangi ya ubao haijaletwa kutoka ofisini, jaribuni majani ya viazi.

Somo langu la kwanza la jamii, wakati ule tuliliandika kwenye ratiba kama Habari za Kwetu, nililifundisha siku ya pili. Kitabu cha mwalimu kilikuwa na picha ya nyumba yenye maua mbele na mbwa aliyenona. Kilisema mwalimu awaulize watoto maswali matatu: Unakaa wapi? Jirani yako ni nani? Baba yako anafanya kazi gani? Nikauliza. Hakuna aliyejibu. Nikadhani ni Kiswahili changu, nikarudia polepole. Wakaangalia miguu yao. Mwishowe msichana mmoja wa safu ya nyuma, mwembamba, kichwa kimenyolewa vizuri, akasimama. Jina lake lilikuwa Wangui.

"Mwarimu," akasema, "unauliza nyumba gani? Ile ya zamani ama hii ya sasa?"

"Yoyote," nikamwambia.

Akafikiri kidogo, akaketi, na siku hiyo hakusema tena.

Wakati wa mapumziko Mwalimu Tabitha alinijia na kikombe cha uji. Alingoja ninywe kwanza.

"Hayo maswali yako matatu nimeyasikia kupitia ukutani," akasema. "Unajua yanaulizwa wapi kwingine?"

"Sijui, Mwalimu."

"Pale posti ya askari, chini ya mnara. Unakaa wapi, jirani yako ni nani, baba yako yuko wapi. Mtu akijibu vibaya, jirani anachukuliwa. Akijibu vizuri, jirani anachukuliwa pia."

"Lakini nimeyatoa kitabuni."

"Najua. Watoto hawajaona kitabu, wamekuona wewe. Na jana walimwona ndugu yako akikuletea mizigo, na kofia yake ya polisi kichwani."

Kaka yangu alikuwa ameniletea blanketi, unga na samaki waliokaushwa. Wale samaki peke yao wangetosha kunifanya mtu wa kushukiwa, maana huko wakati ule hawakula samaki, na Bwana Wahome aliniuliza kwa adabu kama ni dawa.

Kesho yake walikuja watoto kumi na tisa kati ya arobaini na wawili. Nilimwambia Mwalimu Tabitha kwamba nitafunga mizigo nirudi kwetu. Hakunibembeleza. Alisema niondoke nikitaka, lakini darasa hilo limeshaondokewa na walimu wawili mwaka mmoja, na akiondoka wa tatu, wa nne halitamwamini kabisa. Kisha akanipa shauri ambalo nimelitumia miaka thelathini na nne.

"Usiulize watu," akasema. "Uliza vitu. Kitu hakikamatwi."

Basi nikaanza na vitu. Siku ya kwanza nilikuja na mtungi wa maji wa Mwalimu Tabitha, nikauliza maji haya yametoka wapi. Mikono michache ikainuka. Yametoka mtoni. Nani huenda mtoni? Akina mama, asubuhi, wakisindikizwa na askari. Mtungi umetengenezwa na nini? Udongo. Udongo gani? Hapo wakaanza kubishana, na darasa lililokuwa bubu likawa na kelele hadi Bwana Wahome akaja mlangoni kuangalia. Walinifundisha majina ya vitu kwa Kikikuyu na kucheka nilivyoyatamka. Niliwaacha wacheke. Mtoto aliyemcheka mwalimu wake mara moja hamwogopi tena kama alivyomwogopa jana.

Baada ya wiki tatu watoto wote arobaini na wawili walikuwa wamerudi, ila walikaa kwa mafungu mawili na mimi sikujua ni kwa nini. Upande wa dirisha walikaa watoto wa homgadi, yaani wale wanaume wa kijiji waliopewa bunduki kulilinda handaki na kututazama sisi wengine. Upande wa ukuta walikaa watoto ambao baba zao walikuwa kizuizini au msituni. Hawakugombana. Hawakugusana tu. Mtoto wa ukutani alipokosa penseli, alingoja hadi mwenzake wa ukutani amalize kuandika, hata kama penseli tatu zilikuwa hazina kazi upande wa dirisha.

Nikawaambia kila mmoja alete kutoka nyumbani kitu kimoja kilichotengenezwa kwa mkono, na aje kutuambia kimetengenezwa na nani. Nilijisifu moyoni kwa wazo hilo. Nilikuwa nimesahau, na Mwalimu Tabitha pia alikuwa amesahau, kwamba siku watu walipohamishwa, vitu navyo vilichukuliwa.

Wakaleta mchi, kibuyu, kijiko cha mti, mshipi wa ngozi. Upande wa dirisha alikuwapo msichana aliyeitwa Nyaguthii, mtoto wa Kiragu, mkuu wa homgadi wa kijiji chetu. Ndiye aliyekuwa na viatu. Alileta kiondo kizuri, kikubwa, kilichofumwa kwa katani, na karibu na mdomo kilikuwa na mistari miwili ya buluu ya sufu.

"Kimetengenezwa na nani?" nikamuuliza.

"Sijui, Mwarimu. Ni ya mama. Baba alimletea."

Nikataka kumwita anayefuata. Lakini Wangui alikuwa amesimama upande wa ukuta bila kuinua mkono.

"Mimi najua," akasema. "Hiyo kiondo ni ya cucu yangu." Cucu ni nyanya, yaani bibi. "Hiyo buluu ni sweta ya kaka yangu mkubwa. Ilikuwa imeraruka. Cucu aliifumua, mimi nikashika uzi. Ukiangalia ndani utaona pale uzi ulikatika tukafunga fundo mbili."

Nyaguthii alikuwa ameshika kiondo kwa mikono miwili. Aliangalia ndani, na nikaona kwa uso wake kwamba mafundo yapo.

Nimefikiria mara nyingi nilivyopaswa kufanya. Ningeweza kusema viondo vingi hufanana, tuendelee. Wote wangeelewa, hata Wangui. Lakini nilikuwa kijana, na nilikuwa nimeuliza swali, na nilikuwa nimepata jibu sahihi. Nikasema, "Asante, Wangui." Nikaenda ubaoni, ambako nilikuwa nikiandika orodha ya vitu na waliovitengeneza, nikaandika: Kiondo, cucu wa Wangui. Halafu nikamwita anayefuata.

Saa nane Bwana Wahome aliuona ubao. Alifuta miwani, akaivaa, akaivua akafuta tena. "Futa hiyo," akaniambia kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimeshika kitambaa mkononi Kiragu alipoingia.

Alikuwa mtu mnene wa makamo, koti la jeshi, bunduki begani. Hakupaza sauti. Watoto walikuwa bado madawatini.

"Ni wewe unafundisha watoto ati mimi ni mwizi?" akaniuliza.

"Hapana, Bwana Kiragu. Nilifundisha juu ya kazi za mikono."

"Soma pale. Nimesikia imeandikwa. Soma nisikie."

Nilisoma: "Kiondo, cucu wa Wangui." Sauti yangu ilikuwa kama ya mtoto wa darasa la kwanza anayesoma silabi.

"Wewe ni mtu wa mbali," akasema. "Hujui hapa kumepita nini. Mtu kama wewe anaweza kuenda kuuliza maswali yake kule Manyani." Aliitaja kambi ile ya kizuizini kama mtu anavyotaja soko la jirani.

Hapo Mwalimu Tabitha akatokea kwenye mwanya wa ukuta wa matete. Hakuwa na viatu, ndivyo alivyofundisha. Alimsalimu Kiragu kwa Kikikuyu, kisha akaendelea kwa Kiswahili, nadhani ili mimi nielewe.

"Kiragu, mimi nilikufundisha kusoma. Ulikuwa unaketi karibu na mlango kwa sababu ulipenda kutoka mbio."

Kiragu akavuta mkanda wa bunduki begani.

"Mtoto wako aliulizwa swali, hakujua. Mwenzake alijua. Darasa huenda hivyo. Hata wewe siku nyingi hukujua, na sikumwita baba yako."

Kiragu alimtazama. Alikuwa na uwezo wa kumchukua palepale, na mwana wa pekee wa yule mama alikuwa tayari kizuizini. Kisha akamshika Nyaguthii mkono na kuondoka naye. Kiondo akakiacha juu ya dawati dakika moja, akarudi akakichukua.

Bwana Wahome aliufuta ubao mwenyewe.

Malipo yalikuja, ila hayakuja kwangu. Jumatatu iliyofuata mama yake Wangui alihamishwa kutoka kazi ya kukata nyasi akapelekwa kwenye kikundi cha kupanua handaki, tangu asubuhi hadi jioni, kwenye matope. Nilimwona akipita na jembe begani. Nyaguthii hakuja shule. Wangui alikuja kila siku, akafanya hesabu zake, na hakunitazama usoni. Hiyo ndiyo kesi ngumu kuliko zote nilizopata kazini, na hakuna kitabu kilichonieleza la kufanya. Nilikuwa nimefundisha somo zuri, na mtu mwingine alikuwa analilipia kwa mgongo wake.

Jumapili baada ya ibada nilimwomba Mwalimu Tabitha anipeleke kwa yule nyanya. Nyumba yao ilikuwa safu ya tisa. Bibi alikuwa ameketi mlangoni akisokota katani juu ya paja, na hakuacha kazi tulipofika. Niliongea, Mwalimu Tabitha akafasiri. Nikasema nimekuja kuomba radhi kwa shida niliyowaletea.

Bibi akauliza jambo.

"Anauliza uliandika nini ubaoni," Mwalimu Tabitha akasema.

"Niliandika, cucu wa Wangui."

Bibi akasokota kidogo, akajibu.

"Anasema yeye ako na jina. Anaitwa Wangui. Mtoto ameitwa kwa yeye. Anasema mwalimu akiandika jina la mtu, aandike lote."

Sikuwa najua hata hilo, kwamba mtoto wa huko hupewa jina la nyanya yake na kulibeba kama lake. Nilikuwa nimefundisha jamii miezi miwili. Nikamuuliza anataka nifanye nini juu ya kiondo. Mwalimu Tabitha alifasiri, na bibi akajibu kwa maneno mengi kidogo.

"Anasema kiondo kisikuletee ugonjwa, vidole anavyo na katani iko. Lakini mama wa mtoto anachimba, na hilo haliko mikononi mwake wala mwako."

Ilichukua wiki mbili zaidi. Mwalimu Tabitha alikuwa akikutana na mke wa Kiragu mtoni, na kuna mambo waliyozungumza ambayo sikuambiwa. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja, kabla ya kengele, nilimkuta Nyaguthii amesimama kando ya meza yangu, kiondo kimekunjwa chini ya kwapa.

"Mama amesema ati kiondo ikae shule," akasema. "Isiende kwetu, isiende kwao. Ikae hapa, ibebe vitu ya darasa."

"Na baba yako amesema nini?"

"Baba hajasema kitu."

Nikakitundika kwenye msumari kando ya ubao. Tulitia ndani chaki, vitambaa na sleti zilizovunjika. Wangui alipoingia alikiona, akaketi mahali pake. Baada ya wiki, mama yake alirudishwa kukata nyasi. Sijui hadi leo kama mambo hayo mawili yalihusiana. Nilijifunza kutouliza.

Ni baada ya hapo ndipo mimi na Mwalimu Tabitha tulianza ile namna ya kufundisha ambayo baadhi yenu mmeniona nikiitumia. Kila Alhamisi tulilitoa darasa nje na kwenda kwenye nyumba moja. Moja tu. Tuliingia kwa kupiga hodi, tukasalimu kila mtu kwa heshima yake, na watoto wakauliza swali moja peke yake: Mikono yako inajua kufanya nini? Hatukuuliza mwenye nyumba yuko wapi. Mmoja alijua kuezeka. Mwingine alijua kutibu ng'ombe ingawa ng'ombe hakuwa naye tena. Bibi mmoja wa safu ya tatu alisema mikono yake inajua kukanda mgongo wa mama anayejifungua, na akahesabu watoto saba wa darasa langu aliowapokea duniani, watatu wa dirishani na wanne wa ukutani. Walitazamana kwa mshangao. Wiki hiyo mtoto mmoja wa ukutani aliazima penseli upande wa pili.

Sharti la Mwalimu Tabitha lilikuwa kwamba tusiandike neno. Orodha ya nyumba na wenyewe, ikipatikana katika daftari la mwalimu, ingeweza kumfikisha mwalimu kizuizini, na wenye nyumba pia. Kwa hiyo tulikariri. Kila Ijumaa watoto walifumba macho na kutembea kijijini kwa mdomo: safu ya kwanza, nyumba ya kwanza, Mama Wambui, anajua kushona, nyumba ya pili, Mzee Ndirangu, anajua nyuki. Aliyekosea alirudi langoni akaanza upya. Cucu wa Wangui alikubali kuja mara moja kwa wiki kufundisha kufuma. Bwana Wahome aliliandika jambo hilo kwenye ratiba kwa jina la kazi za mikono ili mkaguzi aridhike. Mkaguzi aliridhika. Alinunua kiondo kimoja kipya.

Kwa kuwa walimu walikosekana, nilipanda na darasa lile kutoka la pili hadi la tatu, na kutoka la tatu hadi la nne. Wakakua. Kichwa cha Wangui kilipata nywele. Nyaguthii akapitwa na viatu vyake na hakupewa vingine, kwa hiyo akatembea kama wenzake. Hawakuwa marafiki. Nisiwadanganye. Lakini waliweza kushika ncha mbili za katani moja bila mtu kuwaamuru, na mimi niliridhika na hilo.

Mwishoni mwa mwaka wa tatu watu wakaanza kurudishwa kutoka kizuizini, mmoja mmoja. Ilikuwa asubuhi, tuko katikati ya kuandika imla, nilipoona mtu amesimama mlangoni. Alikuwa amekonda, suruali imefungwa kwa kamba, na mkononi alikuwa na karatasi yake ya kuachiliwa. Alivua kofia.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Nimeambiwa langoni nije shule. Natafuta kwangu."

Sikumwelewa. "Kwako ni wapi?"

"Ndiyo sijui. Niliposhikwa tulikuwa tunakaa kule kwenye kilima. Hii kijiji sijawahi kuiona. Niko na mtoto, huenda anasoma hapa. Anaitwa Wangui."

Wangui alikuwa ameshasimama. Alikuwa na miaka mitano alipomwona mara ya mwisho. Hakukimbia. Alimtazama kama mtu anayesoma neno gumu, kisha akaja mbele polepole, akampa mkono, na yule mtu akaushika kwa mikono yake miwili na kuinamisha kichwa.

Nilifunga daftari la imla. Nilikuwa nataka kumwambia Wangui ampeleke baba yake nyumbani, lakini watoto wote walikuwa wamesimama, na nikaona kwamba hilo halikuwa jambo la kumwachia mtoto mmoja. Tukatoka wote. Mwalimu Tabitha alitoka na darasa lake akasimama kando ya njia kututazama tukipita. Mwanawe alikuwa hajarudi. Alirudi mwaka uliofuata, kwa neema ya Mungu.

Tulianza safu ya kwanza. Hakuna aliyepanga hivyo. Ndivyo walivyokuwa wamezoea. "Hapa ni Mama Wambui," mtoto mmoja akamwambia, "anajua kushona." "Hapa ni Mzee Ndirangu, anajua nyuki." Yule baba alisimama mbele ya kila mlango. Wengine aliwajua tangu kilimani, na aliposikia jina alitikisa kichwa taratibu, akisema, "Kumbe yuko hai." Mzee Ndirangu alitoka na kumkumbatia. Watoto walingoja, kisha wakaendelea, maana bado kulikuwa na safu nyingi.

Nyumba ya Kiragu ilikuwa safu ya sita, kubwa kidogo kuliko nyingine, yenye mlango wa mbao. Kiragu hakuwapo. Watoto walipofika mbele yake wakanyamaza. Hata wale waliokuwa na zamu ya kusema waliangalia chini. Nilijua, na kila mtu mzima aliyekuwa akitazama alijua, nani aliyeongoza askari kilimani asubuhi ile baba yake Wangui aliposhikwa. Nikataka kusema tuendelee.

Nyaguthii akatoka katikati ya wenzake, akasimama mbele ya yule mtu. Alisema kwa sauti ya Ijumaa, sauti ya kukariri.

"Hapa ni kwetu. Baba yangu ni Kiragu. Mama yangu anajua kupika uji wa kuchachua."

Yule baba aliutazama mlango. Kisha akamtazama msichana, miguu yake isiyo na viatu, mikono aliyoificha nyuma.

"Na wewe unaitwa nani?" akamuuliza.

"Nyaguthii."

"Haya, Nyaguthii," akasema. "Nyumba hii ingine ni ya nani?"

Akamwambia. Akamwambia na iliyofuata, na iliyofuata, akitembea mbele yetu wote, hadi safu ya tisa, ambako bibi alikuwa ameketi mlangoni na katani yake. Hapo Nyaguthii akanyamaza na kurudi nyuma, akamwachia Wangui aseme nyumba hiyo.